Katuni za vita ulizorithi: usifute, usikate, usichome

*"Babu ametuachia bahasha ya katuni za magazeti ya Uingereza za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyingi ni vipande vilivyokatwa gazetini, vimegeuka kahawia na vinavunjika ukivigusa. Lakini miwili ni michoro ya wino kwenye karatasi nene. Ni mikubwa kuliko katuni za gazetini, ina maandishi ya penseli ya bluu pembeni, viraka vya rangi nyeupe juu ya wino, na mhuri wa zambarau nyuma. Mmoja umebandikwa selotepu iliyogeuka kahawia. Mjomba anasema hiyo miwili ni feki, kwa kuwa haifanani na inavyotoka gazetini. Mimi nilitaka nifute ile penseli, nikate kingo zilizochakaa, zote nizitie lamineshoni na kuzitundika sebuleni. Halafu katika vile vipande kuna kimoja kinachowachora Wajapani kwa dharau kubwa, naona hata aibu kuwa nacho. Nikichome? Na je, makumbusho yanapokea vitu kama hivi?"*

Ndugu yangu, weka kifutio chini kwanza, halafu tuzungumze.

Nimekuelewa hivi: una wasiwasi kwamba ulichorithi ni feki, na kwamba hata kisipokuwa feki, ni kichafu mno kuonyeshwa watu. Tuanze na mjomba. Ameona vizuri, ila hukumu aliyoitoa imekwenda kinyume na ushahidi wake mwenyewe. Ukubwa uliozidi, penseli ya bluu, viraka vyeupe na mhuri wa nyuma ndivyo vitu tunavyovitafuta sisi wa makumbusho tunapotaka kuamini kwamba mchoro ulitoka mkononi mwa mchoraji. Mchoro safi kabisa, wenye ukubwa ule ule wa gazetini, ndio ungenitia shaka.

Katuni ya gazeti ya miaka ya 1940 haikuchorwa ili itundikwe ukutani. Ilichorwa ili ipigwe picha. Mchoraji alitumia wino mweusi kwenye karatasi nene, kwa ukubwa uliomfaa mkono wake, mara nyingi mara moja na nusu au mara mbili ya katuni itakavyotokea gazetini. Mchoro ukipunguzwa, mitetemo midogo ya kalamu inajificha na mstari unaonekana umekaza. Kutoka mezani kwake ulikwenda kwa mafundi, wakaupiga picha kwa kamera kubwa, wakaihamishia picha hiyo kwenye bamba la zinki lililopakwa kemikali inayokuwa ngumu ikipata mwanga, kisha asidi ikala sehemu zote zisizo na mstari. Kilichobaki kimeinuka ndicho kilichochapwa.

Filamu za kamera zile ziliona weupe na bluu hafifu kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana mhariri, fundi au mchoraji mwenyewe aliweza kuandika juu ya mchoro kwa penseli ya bluu bila hofu: upana wa safu, ukurasa, tarehe, neno la kurekebisha. Hakuna hata herufi moja iliyofika gazetini. Ukiona eneo zima limepakwa bluu nyepesi, koti la mwanasiasa kwa mfano, hayo yalikuwa maagizo kwa fundi ajaze hapo nukta za kivuli. Rangi nyeupe nayo ilikuwa ya kusahihishia. Katuni ya kesho ilitakiwa iwe kiwandani leo jioni, na hakuna aliyeanza upya kwa sababu tu pua ya waziri imezidi urefu.

Kwa hiyo ulichotaka kukifuta ni shajara ya kazi ya siku ile. Tarehe iliyoandikwa kwa bluu pembeni inaweza kuwa kitu pekee kitakachomwezesha mtu kuipata katuni yako katika gazeti lenyewe, na bila hiyo unabaki na picha nzuri tu isiyojulikana ilikotoka.

Sisemi kwamba michoro yako ni ya asili. Siwezi kulisema hilo kwa barua, na anayekuhakikishia kwa picha ya simu umwogope. Lakini yapo mambo unayoweza kuyaangalia mwenyewe bila kuharibu chochote. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha mara kumi, utazame mstari mweusi. Wino wa kalamu au brashi ni mweusi mfululizo. Mahali mistari miwili inapokatana mara nyingi utaona mmoja umelala juu ya mwingine, na penseli ya awali inachungulia chini ya wino. Nakala iliyochapwa kutokana na picha mara nyingi huwa na mstari uliovunjika kuwa nukta. Angalizo hapa: wachoraji wengine walibandika karatasi angavu zenye nukta ili kupata kivuli, kwa hiyo kuona nukta tu hakutoshi kuuhukumu mchoro. Za kubandikwa huwa na ukubwa mmoja, zinaishia kwenye ukingo uliokatwa kwa wembe, na mistari iliyo kando yake inabaki mizima.

Kisha zima taa, uweke tochi mezani ili mwanga upite kwa ubavu juu ya karatasi. Rangi nyeupe itainuka, na mikwaruzo ya kalamu itaonyesha kivuli chake. Ukipata taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, mulika karatasi gizani kwa sekunde chache. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha, nazo hutoa mwanga mkali wa bluu na nyeupe. Mchoro unaodaiwa kuwa wa 1941 ukiwaka namna hiyo, mjomba atakuwa amepata hoja. Usipowaka hujathibitisha kitu, umeondoa sababu moja tu ya kushuku.

Sasa uchafu. Kuna uchafu unaosema kitu na uchafu unaokula karatasi, na kosa la watu wengi ni kuushughulikia ule wa kwanza na kuuacha wa pili uendelee. Penseli ya bluu, alama ya kidole yenye wino, tundu la pini iliyoshikilia mchoro ubaoni: hivyo viache. Mharibifu wako halisi ni vile vipande vya gazeti.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoushikilia mti usimame. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka kahawia na kusaidia kuzalisha asidi. Asidi hiyo, pamoja na ile iliyoingizwa kiwandani kupitia shabu ya kukazia karatasi, hukata nyuzinyuzi kidogo kidogo mpaka kipande kinapasuka ukikikunja. Nayo haikai mahali pamoja. Kipande cha gazeti kikilazwa miaka mingi juu ya mchoro mzuri, huuachia mchoro huo doa la kahawia lenye umbo lake kamili. Basi leo hii, kabla ya jambo jingine lolote, vitenganishe: vipande vya gazeti bahasha yake, michoro bahasha yake.

Nikiri kwamba vipande hivyo nina upendo navyo, japo ni vitu duni. Ujerumani ilipoivamia Norwei mwezi Aprili 1940, Uingereza ilikatiwa mbao na rojo la karatasi kutoka Skandinavia. Karatasi ikagawiwa kwa mgao, na magazeti mengi yakashuka hadi kurasa nne. Katika kurasa nne hizo, zenye habari za mabomu, matangazo ya serikali na orodha za waliokufa, wahariri bado waliitengea katuni nafasi. Ukitaka kujua katuni ilikuwa na uzito gani wakati ule, hapo pamekueleza.

Lamineshoni nakukataza moja kwa moja. Inatumia joto na gundi, na baada ya hapo hakuna fundi atakayeitoa bila kuumiza karatasi. Isitoshe, asidi iliyomo ndani haiondoki. Umeifungia na chakula chake. Maji na sabuni pia sahau. Wino mweusi unaweza kuvumilia, lakini rangi nyeupe huyeyuka, na mhuri wa zambarau mara nyingi ni rangi inayokimbia ikipata hata jasho la kidole. Zipo dawa za kupunguza asidi, nazo zinafanya kazi kweli, ila hutumiwa na mtu aliyekwisha kupima kila wino kwa tone dogo lisiloonekana.

Utakachofanya wewe ni kidogo na rahisi. Nawa mikono, ikauke vizuri. Glovu nyeupe za kitambaa unazoziona kwenye filamu zinapunguza hisia za vidole, na karatasi iliyochoka hupasuka hapo hapo. Mikono mikavu na safi ni salama zaidi. Kila mchoro uweke katikati ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya jalada gumu lisilo na asidi, ulale bila kukunjwa. Plastiki ukiitaka iwe ya poliesta. Zile laini za PVC zenye harufu hutoa kemikali na hung'ang'ania wino, na palipo na penseli au rangi inayobanduka usiweke plastiki kabisa, maana umeme tuli utaibandua. Weka mahali pa baridi ya wastani, kama nyuzi 18 hadi 20 ukiweza, na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50. Ukivuka 65, kuvu inapata nafasi. Kama nyumba yako haiwezi kufikia viwango hivyo, usikate tamaa: kabati la ndani katikati ya nyumba, mbali na bafu, paa na ukuta wa nje, linasaidia sana, kwa sababu karatasi inachukia mabadiliko ya ghafla kuliko inavyochukia joto la wastani.

Na sebuleni? Tundika nakala. Skani mchoro kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma na kingo zote, uchapishe ukubwa unaoutaka. Makumbusho yenyewe huonyesha michoro ya karatasi kwa mwanga hafifu wa luksi 50 tu, tena kwa miezi michache, kisha huirudisha gizani. Madhara ya mwanga hujumlishwa, na mapumziko hayayafuti.

Nirudi kwenye kingo ulizotaka kuzikata, kwa sababu hapo hasara ingekuwa kubwa kuliko unavyodhani. Chukua katuni ya mchoraji Philip Zec iliyotoka katika gazeti la Daily Mirror tarehe 6 Machi 1942. Baharia amelala juu ya mabaki yanayoelea kwenye bahari nyeusi, chombo chake kimeshazama. Ukiutazama mchoro peke yake, ni huzuni ya vita na basi. Lakini chini yake palikuwa na maneno yanayosema kwamba bei ya petroli imepanda kwa peni moja, tena kwa taarifa rasmi. Zec alikusudia kuwaambia watu wasichezee petroli, maana inaletwa kwa roho za watu. Waziri mkuu Winston Churchill na waziri wake wa mambo ya ndani, Herbert Morrison, walisoma tusi: kwamba mabaharia wanakufa ili wenye mafuta wapate faida. Morrison aliwaita wakuu wa gazeti akawaonya kwamba serikali inaweza kulifunga. Ugomvi wote huo ulitokana na mstari mmoja wa maneno chini ya picha. Katika mchoro wa asili, maneno ya namna hiyo huandikwa kwa penseli kwenye ukingo wa chini, pale pale ulipotaka kupitisha mkasi.

Tarehe nayo ina nguvu hiyo hiyo. Zec huyo huyo, katika gazeti la tarehe 8 Mei 1945, siku ya ushindi Ulaya, alimchora askari mwenye majeraha akimkabidhi msomaji shada la ushindi na amani, na kumsihi asilipoteze tena. Ni katuni ya shukrani na tahadhari. Tarehe 5 Julai, siku ya uchaguzi mkuu, gazeti likauchapa mchoro huo tena ukurasa wa mbele, nao ukawa wito wa kukipigia kura chama cha Labour. Hakuna mstari uliobadilishwa. Mtu akikuletea mchoro huo bila tarehe na kukuuliza unasema nini, jibu la uaminifu ni kumuuliza: wa siku gani?

Tuje kwenye katuni inayokutia aibu. Usiichome. Aibu yako ni ya haki, na sitakuambia kwamba enzi zile watu hawakujua ubaya. Wengine walijua, na wengine walijua nusu. Theodor Geisel, mwandishi wa vitabu vya watoto anayefahamika zaidi kwa jina la Dr. Seuss, alikuwa mchora katuni wa gazeti la PM la New York kati ya 1941 na mwanzoni mwa 1943. Gazeti lile lilipinga chuki dhidi ya Wayahudi na ubaguzi dhidi ya Wamarekani weusi, na yeye mwenyewe alichora katuni kali juu ya mambo hayo. Hata hivyo tarehe 13 Februari 1942 alichora foleni ndefu ya Wamarekani wenye asili ya Japani, nyuso zote zimenakiliwa moja, wakipokea baruti huku wakingoja ishara kutoka Japani. Siku sita baadaye Rais Roosevelt alitia saini Amri ya Rais namba 9066, na watu wapatao 120,000 wakaishia kambini, wengi wao raia wa Marekani, bila kosa.

Michoro ya Geisel ya miaka ile imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, na hii ya foleni haikufichwa. Ingechomwa, leo ungekuta watu wanaosema kwamba mtu mwema kama yule asingeweza kuchora kitu kama kile, na tusingekuwa na la kuwajibu. Kuhifadhi hakumaanishi kusifu. Ila usiitundike, wala usiirushe mtandaoni ikiwa uchi bila maelezo. Dharau iliyomo bado inafanya kazi yake kwa mtu asiyejua ilikotoka. Iweke kwenye jalada lake, na andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni (kamwe si juu ya katuni) ilitoka wapi na babu aliipataje, kama kuna anayejua.

Makumbusho kupokea: ndiyo, lakini si kila makumbusho wala si kila kipande. Usibebe bahasha ukaenda nayo mlangoni. Andika kwanza. Katuni za Uingereza zina nyumba yake, British Cartoon Archive ya Chuo Kikuu cha Kent huko Canterbury, iliyoanzishwa mwaka 1973. Na wachoraji wengine wana makao yao maalumu, kama Leslie Illingworth wa gazeti la Daily Mail, ambaye maelfu ya michoro yake iko Maktaba ya Taifa ya Wales. Watakuuliza mchoraji ni nani, tarehe, ukubwa, hali ya karatasi, na zaidi ya yote ilifikaje mikononi mwa babu. Wachoraji walikuwa na desturi ya kuwapa michoro marafiki na hata wanasiasa waliochekwa humo, kwa hiyo barua, bahasha au hadithi ya familia ina thamani. Usiirembe hadithi, ukisema "mama alisikia kwamba" inatosha.

Vipande vya gazeti, nisikudanganye, huenda wakavikataa, kwa kuwa magazeti yenyewe yamehifadhiwa maktaba na mengi yameskaniwa. Hilo lisiwe sababu ya kuvitupa. Kama babu aliandika kitu pembeni, au uchaguzi wake wa nini akate na nini aache unaonyesha kitu fulani, mkusanyo huo haupo kwingine. Viskani, uviache vyote pamoja kwa mpangilio alioutumia.

Jambo moja huwashangaza warithi: kumiliki karatasi si kumiliki haki ya kuichapisha. Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. David Low, mchora katuni wa gazeti la Evening Standard, alifariki 1963, kwa hiyo katuni zake zina ulinzi hadi mwisho wa 2033, hata kama mchoro wenyewe uko kabatini kwako. Unaweza kuutunza, kuuza au kuutoa zawadi. Kuuchapa kwenye fulana ni habari nyingine.

Yapo mambo ambayo usiyafanye peke yako. Ukiona kuvu ya unga au ya manyoya, tenga mchoro huo na usiipulize, kisha tafuta mtaalamu wa uhifadhi wa karatasi. Vivyo hivyo rangi nyeupe ikianza kubanduka, mchoro ukiwa umegandishwa kwenye kadibodi ya kahawia, au ukitaka kuuza au kukata bima: hapo unahitaji mtu atakayekaa na mchoro mbele yake.

Selotepu iko kwenye kundi hilo. Gundi yake huanza kwa kunata, kisha hulainika na kuzama ndani ya karatasi, mwisho hukauka na plastiki ya juu inadondoka yenyewe ikiacha doa. Iliyo katika hatua ya kuzama inaweza kuondolewa kwa ustadi. Kila mwaka unaopita kazi inakuwa ngumu, kwa hiyo huu ndio mchoro wa kuupeleka kwanza. Usiivute, usiipashe kwa kikausha nywele kama watu wanavyoshauriana. Ukimpata mtaalamu, muulize atatumia kimiminika gani na atafanya nini na mhuri wa nyuma. Akikutajia bei na njia kabla hajaugeuza mchoro kuutazama mgongo, mshukuru, uende kwa mwingine.